Nimemaliza utabibu, naisubiri MD: kati ya kazi hizi tatu nishike ipi?

Shikamoo Anti,

Kwanza naomba jina langu lisitoke kabisa, niite tu binti wa Mbagala, maana huku kwetu unasomwa hadi saluni na mama yangu naye yumo.

Nina miaka 24, mtoto wa pili kwa wanne. Naishi na mama na wadogo zangu wawili, kaka yetu ana bodaboda anapaki Temeke na yeye ndo kanisomesha, ada yote ya chuo imetoka kwenye ile pikipiki. Nilisoma diploma ya utabibu, hii ya CO yaani clinical officer, nikamaliza 2023 na GPA ya 3.7. Form four nilipata C ya baiolojia, C ya kemia, D ya fizikia, kiingereza C, hesabu ndo F lakini mimi na hesabu tulishaachana toka darasa la tano na chuo hawakuniuliza. Leseni ya Baraza la Madaktari ninayo. Toka nimalize najitolea kwenye hospitali moja ya serikali hapa hapa Dar, posho inakuja siku ikijisikia, kuna miezi nimeenda kazini kwa hela ya mihogo ya mama.

Anti mimi nataka MD, ile digrii ya udaktari. Kuna usiku tuliletewa mtoto wa miaka mitatu kafungwa kwenye kanga, degedege, macho yamegeuka, nikampima malaria kipimo kikatoa mistari miwili, sukari iko chini, nikahangaika na mshipa mpaka nikaupata nikampa glukosi na sindano ya artesunate, mtoto akatulia. Dokta wa zamu alipofika akanisifia alafu akaanza kuniuliza, kwa nini sukari inashuka kwenye malaria kali, kwa nini mtoto wa chini ya kilo 20 dozi yake kwa kila kilo ni kubwa kuliko ya mtu mzima, nusu nikajibu nusu nikabaki namtazama. Mimi ile nusu naitaka.

Sasa dirisha la maombi ya vyuo linafunguliwa Julai na leo ni Januari, nahitaji kitu cha kushika hapo katikati, na kazi zimekuja tatu kwa mpigo.

Ya kwanza ni zahanati ya mtu binafsi karibu na nyumbani, naenda kwa miguu. Zamu za usiku, siku sita kwa wiki, laki nne mkononi, mkataba hakuna. Nimeenda usiku mbili za majaribio. Asubuhi mwenye zahanati kafungua daftari la mapato kaniuliza "jana drip mbili tu dokta?" akacheka lakini hakuwa anatania.

Ya pili ni urepu wa kampuni ya dawa, laki tano na komisheni juu, pikipiki na mafuta yao, kuzunguka maduka ya dawa na hospitali Kariakoo, Ilala mpaka Kinondoni, na tageti kila mwezi. Meneja kwenye intavyuu kaniambia kwa sura hiyo madaktari hawatakukatalia.

Ya tatu ni msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa malaria Bagamoyo, laki nane, mkataba miezi sita kuanzia Februari na unaweza kuongezwa. Kuchukua ridhaa za wazazi, kupima watoto, kuwafuata nyumbani, kujaza kwenye tableti. Lakini nitahamia huko, mama atabaki na wadogo peke yake.

Nimeangalia sana video za Wamarekani wanaosubiri kuingia medical school, wote wanasema kazi ya katikati ndo inakupa au kukunyima nafasi, wanahesabu masaa waliyokaa na wagonjwa, wengine wanaajiriwa kumwandikia daktari maelezo ya mgonjwa. Kwa hiyo naogopa nikiwa repu chuo wataniona mfanyabiashara tu. Na naogopa kitu kingine, kuna kaka tulimaliza naye alianza urepu "kwa muda", leo ana gari na shule ukimtajia anabadilisha mada. Nikianza kushika hela na mimi si ndo basi?

Kaka hajasema kitu ila namuona. Mdogo wangu anaenda form five mwaka huu. Mama anasema nisubiri ajira za serikali mambo ya vyuo yaishe. Niambie nifanye ipi Anti, Bagamoyo wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Binti wa Mbagala

—

Marahaba mwanangu, pole na hongera vyote kwa pamoja, maana kuna mabinti wananiandikia hawana hata kazi moja ya kukataa.

Nikikuelewa vizuri uko hivi: moyo uko MD, mfuko uko sifuri, nyumbani kuna deni la kaka ambalo halijaandikwa popote, na katikati kuna miezi ya kuvuka. Umepewa njia tatu, moja iko karibu na nyumbani ila inakukera, ya pili ina hela ila unaiogopa, ya tatu inafanana na unachokipenda ila inakutoa kwa mama. Na juu ya yote unaamini utakachochagua sasa hivi chuo watakitumia kukupima. Nimekosea?

Naomba nianzie hapo kwenye chuo kukupima, maana naona ndo panakunyima usingizi na mimi sidhani kama pako hivyo.

Hao Wamarekani unaowaangalia wanasema kweli, ila wanasema ya kwao. Kule mtu anasoma kwanza digrii nyingine, kwa kawaida miaka minne, alafu anafanya mtihani wao wa MCAT, anaandika insha za kujieleza, anaitwa intavyuu, na wanaomchagua wanaangalia kweli alikaa wapi na wagonjwa na alifanya utafiti gani. Ndo maana wanahangaika na kazi ya katikati kiasi hicho. Hapa kwetu wewe unaingia na diploma, unaomba moja kwa moja chuoni kwa utaratibu wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, na kinachoshindanishwa ni matokeo yako. Hakuna mahali kwenye fomu panapokuuliza uliuza dawa au ulijaza tableti Bagamoyo. Kwa hiyo ile hofu ya kuonekana mfanyabiashara itoe mwanangu, urepu una matatizo yake nitayafikia ila hilo halimo.

Lakini ukishaondoa hilo kinabaki kitu kingine ambacho wewe umekipitia kama hakipo. Hesabu F. Mimi nilivyofika hapo nikasimama, nikampigia binamu yangu ambaye naye alikuwa CO kabla ya kusoma MD, nikamsomea bila kukutaja, cha kwanza alichouliza ni "hesabu atafanyaje?" Mwongozo wa TCU kwa anayeingia MD na diploma ya utabibu unataka GPA isipungue 3.0, hapo wewe umepita vizuri, alafu unataka angalau D za form four kwenye fizikia, kemia, baiolojia, kiingereza na hesabu. Chuo cha diploma hawakukuuliza kwa sababu kwao hesabu haikuwa lazima. Huku juu wanauliza. Fungua mwongozo mwenyewe usome mstari kwa mstari, usinichukulie mimi kama sheria, ila usome leo.

Najua hiyo imekuuma. Kaa nayo kidogo alafu tuendelee, maana haijafunga mlango ila imebadilisha swali lote. Kurisiti somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana, usajili wa NECTA, wale wa mitihani ya taifa, unafanyika mapema mwaka, yaani ni wakati huu huu, mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari. D ya NECTA inaanzia 30. Sikwambii ni rahisi kwa mtu aliyeachana na hesabu toka darasa la tano, nakwambia ni 30, na wewe unakokotoa dozi kwa kilo saa nane usiku mtoto anatetemeka mbele yako, kwa hiyo hiyo habari ya kwamba wewe na hesabu hamuelewani mimi nina mashaka nayo.

Maana yake ni kwamba kama hesabu ndo hiyo, Julai hii haikuhusu, dirisha lako ni la mwaka kesho. Ulikuwa unatafuta kazi ya miezi sita, kumbe unatafuta ya mwaka na nusu. Hebu tuzitazame upya hizo kazi kwa jicho hilo.

Zahanati ina uzuri ambao hujausema, nao ni kwamba mkono haupoi, unaona wagonjwa, unalala kwenu, mama hayuko peke yake mchana. Lakini naiti sita kwa wiki alafu mchana ufungue kitabu cha logarithimu, hapo utanisamehe, kuna wanaoweza ila wengi wanalala na kalamu mkononi. Na lile daftari la mapato ndo linanitia wasiwasi zaidi. Usiku wa kwanza ni swali la utani, mwezi wa tatu unajikuta unamtundikia drip mtu aliyekuja na mafua kwa sababu daftari halijajaa. Sahihi kwenye faili ni yako na leseni ni yako, siku Baraza likiuliza mwenye zahanati hatakuwa kwenye picha. Mkataba hakuna maana yake pia siku akiamka vibaya anakwambia usije. Ukiipenda kwa sababu ya mama, basi jaribu kumbana kabla: naiti tatu badala ya sita, karatasi yenye majina mawili na mshahara, na umwambie mdomoni kwamba matibabu unaamua wewe. Jibu atakalokupa litakusaidia kuliko ushauri wangu.

Urepu sasa. Unasema unaogopa hela. Nikuulize, yule kaka mwenye gari una uhakika ni hela iliyomkatiza? Inawezekana alipata kazi anayoiweza na anayoipenda akagundua udaktari ulikuwa ndoto ya baba yake, sasa anaona aibu kulisema kwa wenzake. Humo ndani mwake hatujui. Wewe ukiniandikia hukuandika "nataka kuitwa dokta", mbona tayari wanakuita, uliandika unataka ile nusu ya majibu uliyoikosa. Mtu mwenye kiu ya namna hiyo hela inaweza kumchelewesha, kumzima sijui. Ila usilidharau hilo la kuchelewa, maana tageti haina Jumamosi, ukimaliza mwezi wanaipandisha, na gari la mkopo likishaingia hapo katikati kweli shule inakuwa ngumu. Kama ungeichukua ningetaka nijue kabla hujasaini ni kiasi gani kinakwenda akaunti isiyoguswa na nani anaijua namba ya siri zaidi yako.

Na yule meneja. Hiyo sentensi ya sura mwanangu mimi sikuipenda, na nadhani na wewe hukuipenda ndo maana umeiandika. Inawezekana ni mtu wa maneno tu, maofisi yetu haya wapo wengi. Inawezekana pia ndo namna wanavyofanya biashara pale. Tafuta dada aliyefanya kazi chini yake, sio wa ofisi nyingine, umuulize kwa nini aliondoka.

Bagamoyo. Hapa najua unasubiri niseme ndiyo, barua yako nzima imeinamia huko. Ni kweli pana uzito wake, chanjo zote mbili za malaria ambazo WHO imezipitisha, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, Bagamoyo ilikuwa moja ya sehemu zilikofanyiwa majaribio. Utajifunza vitu ambavyo zahanati haikupi, namna ya kumweleza mama wa mtoto utafiti mpaka aelewe na awe huru kukataa, namna ya kuandika kitu kama kilivyo hata kama kinaharibu takwimu. Na kama ni malaria basi ile nusu yako inaweza ikaanza kujibiwa huko huko, wewe ukiwa muulizaji.

Ila nina maswali. Laki nane ni nzuri mpaka utoe kodi, chakula na nauli ya kurudi kwa mama kila baada ya wiki mbili, sasa kaa chini uandike inabaki ngapi, isije ikawa inabaki sawa na ile laki nne ya kutembea kwa miguu. Mkataba unaisha Julai, wakisema unaongezwa sawa, wasipoongeza unarudi Mbagala huna kazi ila una Agosti mpaka Oktoba ya kujifungia na hesabu, hiyo kwa mtu mwingine ni balaa kwako pengine ni bahati. Tuisheni ya jioni huko utapata wapi? Na mtihani utaufanyia kituo gani, kwa sababu unajisajili sasa hivi na Novemba ndo unatakiwa uwe pale pale ulipojisajili.

Kuna njia ya nne haipo kwenye barua, nayo ni kubaki hapo unapojitolea ukipunguza siku, ukatafuta zamu za hapa na pale za wikendi kwenye vituo vingine vya binafsi, na jioni tuisheni. Hela yake ni ya mashaka, mwezi inakuja mwezi haiji, na kwa hali ya nyumbani inaweza isiwezekane kabisa. Naitaja ili usidhani ziko tatu kwa sababu tu tatu ndo zimepiga simu.

Mama na ajira za serikali, mheshimu na uombe, portal ikifunguliwa jaza kama wengine, haikuzuii kitu. Ila ukipangiwa kituo mkoani ukaenda, jua unaanza mwaka wa matazamio na ruhusa ya masomo haiombwi wiki ya kwanza, hilo mwambie mama kwa upole.

Kitu kingine ambacho wengi wanakijua kimechelewa ni mkopo. Chuo binafsi ada ya MD ni mamilioni kwa mwaka na ni miaka mitano kabla ya ule mmoja wa intern, yaani mazoezi hospitalini, bodaboda ya kaka haiwezi kubeba hiyo, kwa hiyo HESLB, Bodi ya Mikopo, lazima iwe kwenye hesabu zako. Miongozo yao imekuwa ikitaka mwombaji awe amemaliza form six au diploma ndani ya miaka mitano, wewe wa 2023 mwaka kesho bado umo ila usiendelee kuahirisha. Alafu wanataka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi. Sasa ona, ukiwa repu mwenye mkataba wa kudumu katikati ya mwaka kesho wakati unajaza fomu utajieleza vipi? Mkataba wa muda ulioisha kabla hujajaza fomu hauna kero hiyo. Usome mwongozo wa mwaka utakaoomba ndo uamue utaacha kazi mwezi gani. Na namba ya uhakiki ya diploma yako, ile AVN inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, iombe mapema, usisubiri wiki dirisha linafunguliwa mtandao ukaanza kuzunguka.

Nimalizie na kaka. Umeandika "hajasema kitu ila namuona". Unamuona nini? Inawezekana kachoka na anasubiri umpokee mzigo. Inawezekana vilevile anasubiri umwambie lini unaanza MD, maana mtu aliyetoa ada yote kwenye pikipiki na yeye ana ndoto yake humo ndani, na wewe unataka kuiahirisha kwa ajili yake bila kumuuliza. Muulize. Usimwendee na swali la "nifanyeje", mwendee na karatasi: mwaka na nusu huu ninaweza kuleta nyumbani shilingi fulani kwa mwezi, form five ya mdogo wetu nachukua hiki na wewe chukua hiki, nikiingia chuo nitakuwa na bumu tu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, na sitaleta kitu. Habari ya F ya hesabu umwambie pia, asije kuisikia Julai kwenye simu. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kukwambia anamjua mwalimu wa tuisheni anayempakia kila asubuhi, hawa watu wa boda wanajua kila mtu mjini.

Mtafute siku ambayo hajalaza pikipiki gereji, na uende kabla hujawajibu wa Bagamoyo. Hao wa Bagamoyo unaweza kuwaomba siku tatu nne zaidi, mbaya zaidi watasema hapana. NECTA ndo haikusubiri, kituo cha kujisajili ulizia wiki hii hii hata kama kazi hujaamua bado.

Anti